Pampu ya Mpira

Mlango wa tatu baada ya maabara,
uliokuwa stoo ya michezo kabla Mwalimu Kerubo hajapewa ufunguo,
una karatasi iliyobanduka pembe moja:
USHAURI NASAHA. JUMANNE NA ALHAMISI, SAA SABA.
Chini yake mtu ameongeza kwa biki: wodi ya vichaa.

Nimeupita mara tisa muhula huu,
kwenda bombani, kutoka bombani,
na kiu sina.

Darasani kwetu inajulikana:
aingiaye pale ana mimba ama ana wazimu,
na mimi, Masakhwe, nahodha wa timu,
mimba siwezi kubeba.

Kuna na kisanduku cha viatu, kimefungwa kwa waya kwenye nguzo.
Jina unaandika ukipenda.
Usipopenda, andika saa tu,
na saa hiyo utakuta mlango wazi.
Niliandika saa. Kisha nikaitafuna karatasi.

Wiki ya sita sasa Baba yuko rumande, Eneo la Viwanda.
Nyumbani neno ni moja: amesafiri.
Mdogo wangu Navutsi anauliza
ni safari gani hiyo ya kusahau viatu.
Mafundi wa Kariobangi wanagonga mabati tangu alfajiri,
nami hulala humo humo katika kelele.
Wakinyamaza, naamka.

Alhamisi nikabisha.
"Mwalimu, naomba kuazima pampu."

Nusu ya chumba bado ni stoo:
koni, wavu uliooza, mkuki uliopinda.
Nusu nyingine, viti viwili vya plastiki,
cha bluu kimevunjika mkono.
Hakuniuliza mpira gani.
"Uirudishe mwenyewe," alisema. "Usimtume mtu."

Nikairudisha Jumanne. Alhamisi nikaazima tena.
Mpira wa shule ukajaa, ukawa jiwe,
Lemayian golini akalia vidole.

Jumanne ya tatu akaishika pampu, asinipe.
"Mpira huo, Masakhwe, unavujia wapi?"

Nikakaa. Kile cha bluu.

"Utakayosema yatabaki humu," akasema,
"ila ukiniambia kuna mtu ataumia, wewe au mwingine,
hapo sitanyamaza. Na wewe utajua kwanza."

Nikahesabu koni. Kumi na moja.
Nikazihesabu tena.
"Baba hajasafiri."
Maneno mawili, na kengele ikalia.
Akaniandikia kibali cha kuchelewa hesabu.

Kesi imeahirishwa hadi mwezi ujao.
Mama bado anasema safari.
Ila Jumapili nilimwambia Navutsi, taratibu, tukifua soksi,
naye akaniuliza kama huko kuna blanketi.

Leo bombani nimemkuta mtoto wa Kidato cha Kwanza
akinawa mikono iliyo safi,
mara ya tatu, macho yake mlangoni.
"Ndani kuna pampu," nikamwambia. "Sema timu imekutuma."
"Mimi sichezi."
"Haulizi."