Ukuta wa Saa Moja

Mume wangu Kuriakose na nduguye Paili
waligawana nyumba ya marehemu Ittupu
kama watu wanaopasua papai:
kisu katikati, mbegu zikamwagika.
Ukuta ukasimama pale pale palipokuwa chumba cha sala.
Sisi tukabaki na msalaba, wao na taa ya shaba.
Mikeka iligawanywa kwa kuhesabu.
Mama mkwe, Achamma, hagawanyiki,
basi wakamgawa kwa kalenda:
siku kumi na tano kwetu, kumi na tano kwao,
anahama na mto wake na chupa ya mafuta ya kuchua.

Kisa? Miti kumi na mmoja ya mpira, mpakani.
Na kisima. Sisemi zaidi.
Huku Kerala maneno ya kisima hayakauki.

Saa moja jioni tunanawa miguu kizingitini,
watoto bado wananuka moshi wa banda la mpira,
tunaelekea mashariki kama walivyoelekea wazee.
Mashariki yao ni dirisha.
Mashariki yetu ni ukuta,
kwa hiyo kila jioni tunasujudu
mbele ya migongo yao, tofali likiwa kati.

Mwaka wa kwanza ilikuwa mashindano.
Paili ana sauti ya pipa tupu;
Kuriakose alipandisha yake mpaka shingo ikatoka mishipa.
Ukuta haukufika darini (saruji iliwaishia, au hasira),
na zaburi ziligongana kule juu.
Mungu, kama alisikiliza, alisikia soko.

Kisha jioni moja ya Kwaresima
koo la Kuriakose lilivimba, akabaki kutikisa midomo.
Shosha wetu, miaka tisa, akaanza peke yake:

*Jua limeshachwa, Bwana,
taa yetu uiwashe.*

Ikafuata ile nafasi.
Zamani, nyumba ikiwa moja, kiitikio kilikuwa cha Achamma,
na Achamma alikuwa kwao, siku ya sita ya zamu.
Nikavuta pumzi niitikie mimi.
Nikachelewa.
Sauti kavu, ya kikongwe, ikadondoka kutoka darini:

*Giza lisituchukue,
nuru yako itulinde.*

Shosha akanitazama. Mimi nikatazama tofali.
Nikamkonyeza: endelea.

*Tumekosa leo, Bwana,
kwa ulimi na kwa mkono.*

Kimya. Mjusi akalia. Utambi ukachechemea.
Aliyejibu hakuwa Achamma.
Lilikuwa pipa tupu, taratibu,
kama mtu anayetua mzigo asimwamshe mtoto:

*Tusamehe, nasi pia
tuwasamehe wengine.*

Kuriakose alisujudu, paji la uso sakafuni,
akakaa huko kuliko sala inavyodai.
Nilihesabu hadi arobaini, nikaacha.

Watoto walipopita kutoa salamu ya amani,
kiganja kwa kiganja, kuanzia mkubwa,
Shosha alitumaliza sisi
akaenda kubandika mkono wake ukutani.
Hakutumwa na mtu.
Tukala uji wa mchele na choroko, uliopoa.

Asubuhi Paili alipita na ndoo, hakusalimu.
Mume wangu naye aliona kazi ghafla kwenye baiskeli.
Kesi bado iko mahakamani, itatajwa Jumanne.
Msiniambie nasimulia muujiza.

Ila siku hizi, koo limepona kitambo,
Kuriakose huimba ubeti wa kwanza tu
kisha hunyamaza,
sikio limeinama kidogo upande wa tofali.

Achamma, hata akiwa kwetu,
amekaa mkekani, miguu ameikunja,
hafumbui kinywa.
Nilimuuliza mbona haitikii.
Akasema, si zamu yake.