Uzito wa Masika

Stoo hii vitu hupungua.
Spiriti hupungua, sabuni hupungua,
hata betri za tochi: nazihesabu Ijumaa,
Jumatatu zimeota miguu.
Lakini chupa namba kumi na saba
imeongezeka.

Mkaguzi katoka Dodoma na koti jepesi,
Mbeya ikampokea kwa ukungu wa Loleza
ulioshuka hadi kwenye vioo vya madirisha.
Akapima mara tatu.
Akafuta miwani, akapima ya nne.
"Bwana Mwalukasa, daftari linasema gramu mia mbili kamili.
Mizani inasema mia mbili na saba.
Nani ameongeza urani?"

Nikamjibu: mvua.

Hakucheka.

Nikamwonyesha kifuniko, mpira wake umepasuka
upana wa ukucha wa mtoto mchanga.
Nikamwonyesha zile chembe za kunyonya maji,
Novemba zilikuwa buluu kama sketi za shule,
sasa zimekuwa waridi, zimeshiba, zimelala.
Kisha unga wenyewe, kupitia kioo:
ulikuja na rangi ya chungwa lililoiva,
leo ni njano ya ua la boga,
tena umeshikana mabonge
kama chumvi ya mama kule Tukuyu
akiisahau mbali na moshi wa jiko.

Tulifundishwa kuuogopa kwa mionzi yake.
Kipimo kinatatarika, tunasogea nyuma, tunaandika.
Kumbe mionzi haina haraka:
miaka bilioni nne na nusu
ndipo nusu ya urani iseme kwaheri.
Unyevu hauna subira hiyo.
Unyevu una Novemba hadi Mei,
una ufa mmoja,
na haupigi hodi.

"Basi ukaushe."

Tukauweka tanurini, nyuzi mia na kumi, usiku kucha,
mimi na Ambakisye wa zamu,
tukisubiri chumba cha pili na chai ya Katumba
iliyopoa kila tulipoisahau.
Alfajiri mizani ikasema
mia mbili na tano, nukta tisa.
Maji yaliyokuja kutembea yameondoka.
Haya mengine
yalishaoa humo ndani,
yamejenga kati ya tabaka na tabaka,
yana jina kwenye fomula.
Kuyatoa kunataka moto mkali zaidi,
na hata yakitoka, utakaobaki kwenye kibakuli
si unga ule niliousainia.

Mkaguzi akakaa na kalamu hewani.
Fomu yake ina safu ya kilichopungua.
Ina safu ya kilichomwagika, na ya kilichoibwa
ina nafasi mbili, moja ya shahidi.
Haina safu ya kilichoingia chenyewe.
Akaomba rula. Akachora mstari pembeni,
akaandika kwa herufi ndogo, kama mtu anayekiri:
*Masika. Gramu tano, nukta tisa.*

Nilibadili mpira wa kifuniko.
Nikamimina chembe mpya, buluu ya kwanza ya muhula.
Nikafunga, nikazungushia nta,
nikaandika tarehe, ingawa ukuta wa stoo
ulikuwa unatoka jasho nyuma yangu.

Jioni nateremka kwenda nyumbani, ukungu unanifuata,
na sweta nililolivaa asubuhi
limekuwa zito mabegani.
Sikulipima.