Mahari ya Upepo

Barua za bei zilikuwa tatu mezani pangu,
na mimi ni mtu wa hesabu, si wa mabomba.
Ya kwanza iliahidi mashine kwa bei ya kutupa.
Ya pili ilifika na kalenda, na kalamu ya zawadi.
Ya tatu ilikuwa ghali hata nikaigeuza kifudifudi,
kama wafunikavyo kioo nyumba yenye msiba.

Nje, mto Gauja umeganda kingo.
Ndani ya uzio wetu maji machafu ya Valmiera nzima
yanachemka bila moto.
“Nani anayapuliza?” niliuliza siku yangu ya kwanza.
Wakanipeleka bandani: mivukuto miwili ya chuma,
imenizidi umri,
inanguruma kama mafahali waliofungwa kamba moja.

Ausma wa zamu ya usiku akanipigia kelele sikioni:
“Wafanyakazi hasa ni vijidudu, huwaoni.
Wanakula tulichokikana chooni.
Hawadai mshahara.
Wanadai pumzi.”

Na pumzi ndiyo bili.
Katika kila yuro mia za umeme wetu
sitini hushuka bombani, zikaibuka mapovu.
Ndipo nikajua: bei ya mashine ni mahari tu.
Ndoa yenyewe hulipiwa kila mwezi,
miaka ishirini,
hata ukiwa umeshamchoka.

Ilmars wa kampuni alikuja na viatu visivyojua tope.
“Chukueni kubwa,” alisema, “kwa usalama.”
Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia,
maana nani atabishana na usalama?

Ausma hakuitikia.
“Kubwa kwa nani?
Saa nane za usiku mji umelala.
Nani anaoga? Nani anafua?
Na mvukuto unapuliza vile vile, kana kwamba ni sikukuu.”

Usiku ule nilibaki naye.
Chai kwenye chupa, mkate mweusi wenye kisibiti,
baridi inayouma mpaka kwenye meno.
Alitumbukiza kipimo majini, akaninyoshea taa.
“Wanataka mbili. Soma.”
Nikasoma: sita.
Nne zilipanda mpaka juu, zikapasuka, pu,
na kila pu ilikuwa na saini yangu.

Kisha akachukua ndoo ya sabuni na brashi ya rangi,
akalifuata bomba kiungo kwa kiungo,
akilipaka povu taratibu
kama kinyozi asiye na haraka.
Kiungo cha kwanza, kimya.
Cha pili, kimya.
Cha tatu kikaota ndevu nyeupe, ndefu, zinazotetemeka.

Hakusema neno. Alinitazama tu.
Usipoziba ufa, utanunua upepo,
ukaununue tena, na tena.

Asubuhi niliigeuza ile barua ya tatu.
Si kubwa moja: ndogo mbili,
zinazojua kwenda mbio na kutembea,
moja ikipumzika mji unapolala.
Na mstari mmoja nikauongeza kwa mkono wangu:
mpira wa kiungo, yuro kumi na nne.
Ilmars alicheka alipouona.
Mkurugenzi hakucheka. Aliuliza nilikuwa wapi usiku.

Sijui kama miaka ishirini itanipa haki.
Hesabu zangu zinasema saba; hesabu zimewahi kunidanganya.
Ila usiku wa kwanza wa zile mpya
Ausma alinipigia simu saa nane kasoro,
sauti imemkauka:
“Kumekuwa kimya. Nilidhani tumewaua.”
Akashuka mpaka ukingoni na taa yake
kuwatazama wakihema.

Mkataba nilitia saini kwa kalamu ya yule wa pili,
tuliyemkataa.
Iliandika vizuri sana.