Saa Ishirini na Nne Zilizopita

Kwenye fomu yeye ni V-0217.
Aniambia nimwite Kageha, kwa kuwa namba haipewi kiti.

Nimekuja na mizani ya jikoni, vijiko vya kupimia,
na kitabu cha picha: ugali nusu sahani, ugali robo,
samaki aliyekatwa vipande vitatu vinavyolingana
kana kwamba ipo nyumba hapa Chavakali
ambako kichwa na mkia vina heshima moja.

Siku tano tulifunzwa Kisumu, ukumbini, chini ya feni:
usitikise kichwa, usitabasamu, usiseme "vizuri".
Mtu akishajua unachopenda, atakupikia.

"Jana, tangu ulipoamka, cha kwanza kuingia kinywani?"

Strungi. Kikombe kile cha bati.
Namwomba akijaze maji hadi pale chai ilipofika.
Anajaza, anafikiri, anamwaga kidogo.
Mililita mia mbili na themanini.
Na sukari? Anacheka:
sukari niulize mwisho wa mwezi.

Saa nne? Kakitu.
Kakitu gani? Kiazi kiporo.
Nakadiria gramu sabini
kutokana na ganda lililo kwenye karai la mbuzi.

Mchana?
Anautazama mlango.
Mchana alikula kuku.

Tumefunzwa pia kusubiri.
Jogoo anapita uani, mmoja, mzima, hana haraka.
Paja au kidari?
"Andika paja."
Naandika paja. Kalamu haina macho.

Jioni ni ugali na mrenda, na hapo sauti inapata miguu:
kunde alizochanganya, majani aliyoyatupa,
majivu ya maganda ya maharagwe
aliyoyachuja kwenye kopo lenye matundu,
tone, tone, mpaka munyu wa kahawia ukatosha.
Fomu yangu inajua chumvi: kijiko, nusu, robo.
Majivu haiyajui. Naandika pembeni kwa herufi ndogo
neno ambalo mtu wa kompyuta atalifuta.

Namfunga mkono. Kitambaa kinavimba, kinapumua:
mia moja sitini na nane juu ya mia moja na mbili.
Napima tena. Hazishuki.
Namwandikia barua ya hospitali ya Mbale.
"Ni kuku?" anauliza, na hacheki.

Limebaki swali la mwisho, jepesi,
lile tunalolipitia tukiwa tumeshasimama:
jana ilikuwa siku ya kawaida kwako?

Anakunja barua mara nne.

"Mama yangu alipika kuku miaka sitini
akafa bila kumwonja. Mwanamke hakuwa akila.
Hata mimi niliolewa hivyo.
Jioni moja Mudogo akafunga mlango huu,
akanipa paja lake.
Akasema, tafuna polepole, mama yuko nje.
Jana ametimiza mwaka kaburini.
Mchana sikula kitu, kijana.
Nilikaa tu hapo ulipokaa."

Napiga mstari juu ya paja.
Gramu sifuri.
Kisha nauangalia mstari, na chini yake
paja bado linasomeka.

Siku ya kawaida: ndiyo, hapana.
Naweka alama kwenye hapana.
Sababu: sherehe, ugonjwa, safari, nyingine.
Nyingine. Eleza.
Nafasi ya kueleza ina urefu wa kidole.

Nakusanya vijiko. Haturuhusiwi kupokea chakula
kwa wahusika, ukurasa wa tisa, kwa herufi nzito.
Yeye hajausoma ukurasa wa tisa.
Anarudi na ndizi mbivu, moja, ngozi yenye madoa,
anaiweka mwenyewe juu ya mizani yangu,
anakunja uso kuisoma bila miwani.

"Tisini na tano. Kula hapa hapa nikuone.
Halafu kesho wakikuuliza,
usiwadanganye."