Nukta

Saa tano usiku, Wete, ofisi ya vizazi.
Feni imekufa; umeme, ajabu, bado upo.

Asubuhi Mize Shaame alifuata cheti cha mwanawe.
Skrini ikamtolea mifupa:
mabano yenye ncha,
jina limefunguliwa, jina limefungwa,
mama kabanwa katikati.
"Mwanangu yumo humu," akauliza,
"au mmemtia miibani?"

Seva haina kosa. Ni bawabu tu:
faili likiitwa hulitoa lilivyo,
bichi, kama pweza asiyepigwa.

Basi naandika mstari mmoja:
kila liishialo kwa xml lisitoke uchi,
lipite uani, mlango wa elfu nane na tisa,
injini ilipokee, ilivishe,
ndipo lirudi barazani.

Nawasha upya. Kosa, mia tano.
Nasoma tena, kidole juu ya kioo:
mahali pa nukta nimetia mkato.

Nawasha upya.
Kimya.
Kisha, polepole:
Kombo Hamad Faki,
kazaliwa Jumatano alfajiri,
kilo tatu kasorobo.

Nalisoma kwa sauti, na chumbani nipo peke yangu.
Kesho Mize atauliza kulikuwa na nini.
Nitamwambiaje?
Nukta, bibiye. Nukta.