Kofia ya Buu

Gogo la mnazi limelala Kipungani tangu mvua ya mwaka juzi,
limeoza, lamomonyoka mkononi kama mkate wa sinia uliochacha.
Ndani wamejikunja chonga ambao bado si chonga:
weupe, wanono, kila mmoja herufi ya nuni
isiyo na nukta.

Mzee Famau anataka jibu moja tu:
wamebakiza siku ngapi kabla ya kuota pembe
na kuipanda minazi yake?

Nilianza kwa rula, kupima urefu. Nikaaibika.
Huyu aliyeshiba, nikimgusa, hujikunyata akawa nusu;
yule mwenye njaa hujinyoosha akampita mwenziwe.
Asubuhi nimeandika sitini, adhuhuri arubaini na nane,
na ni buu yule yule, ana kovu la jembe ubavuni.

Ndipo nikamkumbuka mama, uzi mdomoni,
akishona kofia za vito za watu asiowajua.
Hakuuliza mtu ni mnene au mwembamba.
"Kitwa chake inchi ngapi?"
Mwili ni mrongo, akisema:
Ramadhani hupungua, Mfungo Mosi huvimba.
Kitwa ni mfupa.

Basi nikaiweka kalipa kichwani, juu ya taya,
kwenye gamba la hudhurungi lenye vitundu vitundu
(wallahi, kama vito vya sindano yake).
Milimita mbili na nukta tatu. Mbili na nne. Mbili na tatu.
Kisha hakuna wa tatu, hakuna wa nne:
moja kwa moja tano.
Kisha kimya tena, hadi kumi.

Hakuna buu wa katikati.
Gamba la kichwa halinyumbuki; hukaza mpaka lipasuke,
naye hutoka na kichwa kipya, laini, cheupe kama tui,
akatulia bila kuuma kitu
mpaka kikauke, kiwe chake.

Nimewapima arubaini na mmoja. Thelathini ni wa kumi.
Nikamwambia Mzee Famau: lichome gogo wiki hii.
Hakushukuru. Aliuliza nani atalipa mafuta ya taa.

Ndani ya kibati cha dawa nilibeba gamba moja tupu, la tano,
nikampelekea mama.
Alilowesha ncha ya kidole, akalinyanyua,
akaligeuza kwenye mwanga kutafuta pindo.
"Ilimbana huyu," akasema,
akaliweka juu ya sanduku la nyuzi,
karibu na ile niliyovaa chuoni nikiwa na miaka sita.