Mpuliza Kioo

Mwezi wa pili, tanuri likihesabiwa siku za kuzimwa,
baba alifanya kazi zamu mbili mfululizo,
chakula chake sigara na kahawa iliyopoa.
Mto Jizera ulikuwa umeganda.
Kinywani mwake kulikuwa kunawaka.

Kwanza damu kwenye mkate.
Akasema, mkate mkavu huu.
Kisha damu kwenye foronya;
hapo hakusema kitu.
Tukaanza kuisikia harufu.
Mama akafungua dirisha, theluji ikaingia,
na hakuna aliyemuuliza kwa nini.
Skafu ikapanda hadi puani:
mtu aliyeishi kwa pumzi
sasa aificha pumzi yake.

Mimi, Svatava, ndiye niliyemwambia: baba, unanuka.
Kuna maneno hayana mlango wa adabu.

Daktari Hrubá aliwasha taa, akainama, hakugeuza uso.
Fizi zimeliwa kati ya jino na jino,
ncha zimekatika kama zilizotafunwa na panya,
juu yake utando wa kijivu,
tezi za shingo zimevimba.
"Wiki moja zaidi," alisema, "ungeshuka mfupani.
Mfupa ukioza, meno hudondoka mazima, bila kosa lolote.
Na mwili ukiishiwa kabisa, hata shavu huliwa."
Baba hakuuliza kama atapona.
Aliuliza: nitapuliza lini?

Akakwanguliwa. Akalia,
yeye aliyezoeana na moto miaka thelathini na mmoja.
Vidonge mara tatu kwa siku, dawa ya kusukutua yenye povu,
sigara mwiko, usingizi kwa amri.
Siku ya tatu alitafuna kiazi.
Siku ya sita mama alifunga dirisha.

Ila kile kinyama cha pembetatu baina ya meno hakikurudi.
Daktari alishatuonya: huenda kisirudi,
na akikesha tena, akivuta tena,
ugonjwa unaijua njia.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.
Hawakusema neno juu ya pengo la mtu mwenye meno yote.
Humo hujificha makombo,
humo jina langu hupita likipiga mluzi.

Tanuri lilizimwa mwezi wa nne.
Glasi yake ya mwisho ninayo,
ina kiputo kimoja karibu na ukingo.
Angeweza kuivunja; mafundi huvunja.
Naitumia kunywea maji.
Ulimi wangu hukitafuta kile kiputo,
hukuta kioo tu.